Kurasa za Mwisho Zilizofungia Karanga

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu ambavyo kwa muda mrefu tulivisikia tu, kila mtu aligundua kumbe alikuwa anatamani nini. Jirani yangu aligundua viatu vya visigino. Mkuu wetu wa shule aligundua redio ya kaseti mbili. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, msichana wa chumba kimoja kwenye nyumba za walimu, niligundua takataka.

Takataka ndilo neno walilolitumia wenzangu. Zilikuwa riwaya kuukuu za mfukoni, zile za miaka ya sabini zenye majalada ya bastola na wanawake wa magauni ya manjano, pamoja na kamera za zamani za filamu, nyingi zikiwa zimekwisha kupofuka. Vitabu nilivipanga chini ya kitanda, kamera juu ya kabati. Shoga yangu mmoja alisema kila akiingia chumbani mwangu anajisikia anapigwa picha na watu asiowaona, na akawa anakaa ameweka tabasamu muda wote.

Vitabu nilivitafuta zaidi mnadani Msalato. Wenzangu walikwenda kula nyama choma, mimi nikapita kwenye mafungu ya mitumba nimeinama kama mtu aliyeangusha hereni. Jumamosi moja nilikiona kitabu mahali nisipopatarajia, mapajani kwa mama muuza karanga. Anachana ukurasa, anausokota kama koni, anatia karanga, anampa mteja. Alikuwa anachana kutoka nyuma kuja mbele.

"Mama, hicho kitabu unauza?"

"Nauza karanga."

"Nakitaka kitabu."

"Sasa karanga nizifungie nini, mwanangu? Kwenye kiganja?"

Nilimpa gazeti langu zima na nikanunua karanga za kutosha kulisha bweni, ndipo akaniachia. Jalada lilikuwa zuri ajabu: basi linawaka taa usiku, na mbele yake nesi mwenye kofia nyeupe, ameshika taulo. Lakini kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kwenda na karanga. Nilitazama huku na huku nikamwona mfugaji mmoja anatembea akitafuna. Nikamkimbilia, nikamwamkia, nikamwomba karatasi yake. Alimwaga karanga zilizobaki kwenye mfuko wa koti akanipa karatasi bila kuuliza, kwa heshima kubwa. Nadhani alifikiri serikali imeanza kukusanya karatasi.

Ukurasa ule wenye mafuta ndio ulionifanya nisilale vizuri. Inspekta amewakusanya wote ukumbini mwa hoteli, amefunga mlango, ameweka funguo mfukoni. Anasema, "Muuaji wa tajiri wa mabasi yumo humu ndani." Basi. Baada ya hapo ni karanga.

Katika mtaa mmoja wa Majengo kulikuwa na studio ya picha ya mzee mmoja, mzaliwa wa hapohapo, ambaye babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara wakaona hawana haja ya kuendelea na safari. Alivaa kofia ya kufuma na kizibao, na ndani ya studio yake ukuta mmoja ulichorwa bustani yenye maua makubwa kuliko miti. Siku hizo karibu na stendi lilikuwa limefunguliwa duka la picha za rangi. Unaacha filamu, unakwenda kunywa soda, unarudi unakuta uso wako una rangi ya embe. Wateja wote walihamia huko. Mzee alibaki na picha za pasipoti na benchi lake nje ya mlango, ambapo fundi viatu wa jirani na wastaafu wawili watatu walikuja kila alasiri kusaidiana kukosa kazi.

Mimi nilikwenda pale kwa ajili ya kitu kimoja. Dirishani kwake ilikaa kamera ya kukunja, ya aina ambayo ukibonyeza kitufe mlango unafunguka na lenzi inatoka mbele kwa mfuko wa ngozi wenye mikunjo, kama kinanda cha mkono. Nilikuwa nimekwisha kuiulizia mara nyingi.

"Haiuzwi," alijibu kila mara. "Hii ndiyo iliyonilea."

Lakini alikuwa na udhaifu mmoja. Alipenda riwaya za upelelezi kuliko chakula. Nilimwazima moja, akaimaliza, akaomba nyingine, na tukawa tunakwenda hivyo. Alisomea benchini kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mhusika, na fundi viatu akisimamisha nyundo kila bastola inapotolewa. Siku moja, kwa kukosa kingine cha kumpelekea, nikampelekea kile cha Msalato. Nilimwonya kabisa.

"Mzee, hiki hakina mwisho."

"Kila kitu kina mwisho, mwalimu."

"Mwisho wake umeliwa."

Hakunisikia. Alikwisha kuliona jalada.

Kilichotokea ni kwamba alimpenda yule nesi. Sisemi kwa utani. Katika kitabu, nesi ndiye aliyemuuguza tajiri wa mabasi wiki zake za mwisho, akamchoma sindano, akamfuta jasho, akamwimbia. Mzee alipomsoma yeye, sauti yake ililainika, akawa kama anambembeleza mtoto. Benchi zima lilikuwa na washukiwa wake. Fundi viatu alisema ni mhasibu, maana ana kalamu ya dhahabu. Mstaafu wa reli alisema ni mdogo wa marehemu. Mtu akithubutu kumtaja nesi, mzee alifunga kitabu.

"Mtu anayeamka alfajiri kubadilisha shuka za mgonjwa hawezi kuua. Nyinyi hamjawahi kuuguzwa?"

Mke wake, mama wa Kondoa mwenye maneno machache na makali, alileta chai na maandazi kila alasiri. Akiweka birika chini alikuwa anauliza, "Mke mwenzangu hajambo leo?" Benchi linacheka, mzee anajifanya kutafuta miwani.

"Ni yeye aliyeua," mama alikuwa akisema akiondoka. "Mwanamke anayeimbia waume za watu!"

Walipofika kwenye ule ukurasa wa mafuta, pale inspekta anaposema muuaji yumo humu ndani, ikawa msiba. Mzee aliugeuza ukurasa, akautazama nyuma, akautazama kwenye jua. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, niletee mwisho wake."

"Nitautoa wapi, Mzee?"

"Niletee mwisho," akasema, akaelekeza kidole dirishani, "uchukue ile."

Ile ilikuwa kamera ya kukunja.

Usiulize nilivyohangaika. Nilizunguka Sabasaba, nikapekua mafungu, nikawauliza walimu wa Chamwino, nikaulizia hata kwa wauza bisi. Hakuna. Mwishowe mzee mwenyewe alinipa wazo. "Si unafundisha utungaji? Tunga." Nikatunga. Nilipiga chapa kwa mashine ya shule, nikijitahidi kuiga mtindo wa mwandishi. Katika mwisho wangu mdogo wa marehemu anakiri mbele ya wote, analia, anaomba radhi, na kabla ya kwenda jela anaagiza mabasi yauzwe ijengwe zahanati.

Mzee aliusoma benchini hadi mwisho. Akavua miwani.

"Huyu hakukamatwa na polisi," alisema. "Amekamatwa na mwalimu."

Benchi lilicheka mpaka fundi viatu akameza msumari wake, au alidhani ameumeza, maana baadaye ulionekana kwenye ndevu. Kamera ikabaki dirishani. Na masharti yakakazwa. Sasa mzee hakutaka kusimuliwa, wala kunakiliwa kwa mkono. Alitaka maneno yenyewe, yaliyochapwa na mwenye kitabu.

Baadaye nilitumwa Kibakwe kusimamia mitihani ya darasa la saba. Kabla sijaondoka, mzee alinipa rola moja ya filamu nyeusi na nyeupe, katika zile chache zilizombakia, niijaribie kamera yangu ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia. "Niletee milima," alisema. "Hapa macho yangu yamechoka na tambarare."

Kibakwe nilipewa nafasi ya kulala kwa bibi mmoja mjane, nyumba ya matofali kwenye mteremko, mbele yake shamba la maharage na nyuma migomba. Zamani za kisomo cha watu wazima alikuwa mtunza maktaba ya kijiji. Maktaba ilikwisha kugeuzwa stoo ya mbolea, naye akahamishia vitabu sebuleni kwake, akaendelea na kazi. Hakuna aliyemwagiza wala aliyemzuia. Nilipoingia na kumwamkia, aliitikia marahaba huku akinionyesha ndoo.

"Nawa mikono. Humu kuna vitabu."

Vingi vilikuwa vya kilimo bora, ufugaji wa kuku na uchimbaji wa vyoo. Lakini kati ya kuku na vyoo niliona nesi, ameshika taulo, mbele ya basi linalowaka taa. Nilipiga kelele. Bibi alidhani nimeona nyoka.

"Bibi, hiki kina mwisho?"

"Vitabu vyangu vyote vina mwisho."

Nilimweleza habari yote, karanga, benchi, mzee na kamera. Alinisikiliza akichambua maharage. Nikaomba niazime kitabu, nitakirudisha kwa mkono wangu.

"Kitabu hakitoki nje ya kijiji," alisema. "Ndiyo sheria niliyopewa."

"Bibi, waliokupa hiyo sheria walikwishaondoka."

"Mimi nipo."

Nililala nikiiwaza sheria ile. Asubuhi, nikiwa napiga picha ya milima kwa ajili ya mzee, nikasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyemwagiwa maji. Kitabu hakitoki, sawa. Lakini picha yake?

Bibi alifikiri kidogo. Alisema sheria haikutaja picha.

Tukaweka meza uwanjani palipo na jua. Kamera yangu ilikuwa haioni vitu vya karibu. Nikisogea herufi zinageuka ukungu. Tulihangaika hadi bibi, ambaye naye alikuwa haoni vya karibu, akavua miwani yake iliyofungwa kwa uzi na kusema, "Mimi hutumia hii." Niliishikiza miwani mbele ya lenzi kwa mpira wa kufungia chupi, naomba radhi kusema hivyo, lakini ndio uliokuwepo. Herufi zikasimama wima, safi kabisa. Upepo wa milimani ukawa unapeperusha kurasa, kwa hiyo bibi akazishika kwa vidole gumba vyake viwili. Alinikataza kusoma. "Hakuna kusoma mwisho kabla ya mwanzo," alisema, na hiyo nadhani ilikuwa sheria yake mwenyewe. Nilitii. Nilitaka nami niujue mwisho ule mbele ya mzee, si kabla yake.

Niliporudi Dodoma na kumwambia mzee kilichomo ndani ya filamu, aliinuka palepale. Alikwenda kufunga mlango wa studio. Benchi likabaki nje likigonga.

"Mzee, kuna nini?" fundi viatu aliuliza kutoka nje.

"Kazi!" alipaza sauti. Nadhani ilikuwa muda mrefu hajalisema neno lile pale ndani.

Chumba chake cha giza kilikuwa na taa moja nyekundu na beseni tatu, moja ya dawa ya kutoa picha, moja ya dawa ya kuishika isipotee, na moja ya maji. Filamu tulikwisha kuisafisha na kuikausha. Sasa alitoa boksi lake la mwisho la karatasi za picha, lililokwisha kupita muda, akaanza kusafisha ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu wa kitabu. Nilimwomba aruke hadi mwisho. Alinitazama kama nimetukana.

Nimeona mambo mengi baadaye, lakini sijaona kitu kama riwaya inayojitokeza ndani ya beseni. Karatasi inazama nyeupe, anaitikisa taratibu, halafu vinakuja vidole gumba vya bibi, kila mara vidole kwanza, kisha mistari kama chungu wanaotoka shimoni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mtunza maktaba."

"Ana vidole imara, mashaallah."

Tulisoma tukiwa tumeinama, vichwa vikigongana, ubavuni mwa beseni. Inspekta alizunguka ukumbi. Alimpita mhasibu. Alimpita mdogo wa marehemu. Alimpita mpishi wa hoteli. Chini kabisa ya ukurasa yalitokea maneno haya: "Kisha akasimama mbele ya". Lililofuata lilifunikwa na kidole gumba cha kulia cha bibi wa Kibakwe.

"Lahaula," alisema mzee.

"Uko mwingine," nilimwambia. "Uko ukurasa wa kufuata."

Aliutia mwanga, akauzamisha. Vidole. Kisha mistari. Mstari wa kwanza kujitokeza wote ulisema alivua kofia yake nyeupe, akaiweka mezani, akaanza kucheka.

Mzee hakuitikisa karatasi tena. Aliiacha ndani ya dawa, nayo ikaendelea kukolea mpaka ikawa nyeusi tititi, herufi zote zikamezwa. Alikaa kwenye kigoda. Kwenye ule mwanga mwekundu alionekana kama kijana aliyerudishiwa barua zake.

"Mwalimu," alisema baadaye. "Huu ukurasa haukutoka."

Niliitazama karatasi. Kwa kweli ilikuwa nyeusi.

"Haukutoka, Mzee."

Alitoka nje na ule mwingine, wa kidole. Benchi lilimrukia. Fundi viatu aliusoma kwa sauti, alipofika chini akaanza kukwangua kidole kwa ukucha, kana kwamba kitabanduka. "Bibi huyu anatufanyia nini?" alilia. "Kwani hakuwa na pa kushika?" Mstaafu wa reli alitaka apelekwe mtu Kibakwe siku ileile. Hakwenda mtu. Walibishana mpaka adhana ya magharibi, na mwisho wakapiga kura ya mikono, mhasibu akashinda. Mzee naye alinyoosha mkono kumtia hatiani mhasibu, taratibu sana, akitazama barabarani.

Mama alikuwa amesimama na birika lake muda wote huo. Hakuwa anatazama ukurasa. Alikuwa anamtazama mumewe. Nilipomsaidia kubeba vikombe hadi uani, aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni yule, siyo?"

"Picha haikutoka, Mama."

"Ya uso wake imetoka vizuri sana," alisema.

Nilisubiri arudi nje amalize vita. Angeshinda kwa neno moja tu. Badala yake alikoroga sukari, akaongeza kijiko, akanituma nimpelekee mzee kikombe chake kwanza kabla ya wageni. Tangu siku ile sikumsikia tena akimuulizia mke mwenza.

Kamera nilipewa. Mzee aliifuta kwa shati, akanionyesha mahali pa kubonyeza na namna ya kuikunja bila kuivunja mikunjo, kisha akaniambia kwa furaha isiyofichika kwamba filamu za saizi yake hazitengenezwi tena. Dirishani, palipobaki wazi, alitundika ule ukurasa wa kidole. Wapita njia walisimama kuusoma, wakaingia kuuliza, na wengine kwa aibu ya kuuliza bure wakapiga picha za pasipoti wasizozihitaji. Hilo halikutosha kuliangusha duka la picha za rangi. Mvua zilipofika alikodisha chumba cha giza kwa msusi wa nywele, na beseni zikawa za kuoshea vichwa. Hakuonyesha kusikitika. Alisema wateja wa msusi wanasimulia visa vizuri kuliko vitabu, ila hawajui kubadilisha sauti.

Msimu wa zabibu ulipofika, mama alikuja nyumbani kwangu na kikapu cha zabibu za Makutupora. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Alipita akainama, akatazama chini ya kitanda.

"Nataka kimoja," alisema. "Nilisoma kisomo cha watu wazima, siyo kwamba sijui."

Nilimchagulia cha magendo ya almasi, kizima. Alikaa juu ya kitanda, akakifungua nyuma, akasoma ukurasa wa mwisho kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Mama, utaharibu utamu."

"Nijue mapema wa kumchukia ni nani," alisema. "Mimi sina muda wa kudanganywa."

Alikirudisha baada ya siku chache, kimefungwa kwenye kanga. Nilimuuliza amekionaje. Alisema kimeandikwa vizuri, lakini aliyeuawa alistahili, na kama angekuwa yeye angemuua kuanzia sura ya pili.